Koti Nililopewa Badala ya Besi

Khocha,

Ulikuwa ukisema mtu akikuandikia barua ujue kuna kitu anataka. Basi leo mimi sitaki kitu. Nimekuja kushtaki, na kwa kuwa hakuna mwingine wa kumpelekea kesi hii, nakushtaki kwako wewe mwenyewe, mjomba wangu, uliyenifundisha gita la besi pale Kanduyi miaka kumi na moja na ukanidanganya miaka yote kumi na moja.

Lakini nianze na habari, usije ukasema dada yako hakunilea vizuri. Mkeo Mama Simiyu ni mzima. Yule ng'ombe wako mweusi alizaa ndama jike. Bendi bado iko, na Masika bado ndiye kiongozi, anaimba akiwa amefunga macho vilevile ili asione tukikosea.

Siku ya kunyolewa nywele, siku tatu baada ya kukuzika, hukuwepo, kwa hivyo nikusimulie. Wazee walitoa vitu vyako nje wakavipanga juu ya mkeka: redio, jembe, viatu, koti la kijivu, besi. Mimi nimekaa pale nikijua. Nani mwingine? Simiyu mwanao ni mtu wa kuuza mahindi, hajui hata gita hushikwa upande gani. Mzee aliyekuwa akigawa akainua besi yako kwa shingo kama mtu aliyebeba kuku, akasema, "Hii ni ya mtoto wa boma." Akampa Simiyu. Kisha nikaitwa, nikavalishwa koti, ati mtoto wa dada asirudi kwao mikono mitupu. Watu wakapiga makofi. Nilikasirika, Khocha, sikufichi. Nilikuwa na machozi na watu wakadhani nakulilia wewe. Nililia besi kwanza, wewe ukafuata jioni.

Lile koti nililileta Kitale nikalitundika nyuma ya mlango, likakaa hapo miezi tisa. Simiyu naye akatundika besi ukutani, juu ya televisheni. Tukawa wapumbavu wawili, kila mmoja na msumari wake.

Ikabidi ninunue besi yangu. Ya bei ya chini, ya Uchina, hapa hapa Kitale. Nakusikia ukicheka. Nilifanya ulivyonifunza: sikuangalia rangi, niliinua gita hadi kwenye jicho nikatazama shingo kama fundi anavyotazama mbao kama imenyooka. Mwenye duka akaniletea nyingine ya nyuzi tano, nyekundu, inang'aa. Nikamwambia maneno yako, "Ya tano ni ya nini, na hizi nne bado hujazimaliza?" Akaudhika kidogo. Ile niliyochukua ina kasoro moja tu, vile vifungo vya kukazia nyuzi hulegea jua likiwa kali, kwa hivyo harusi ikifanyiwa nje naketi kivulini. Na watu wasikudanganye, gita la bei rahisi kwenye spika nzuri litashinda gita la bei ghali kwenye spika ya kukwaruza. Ile spika yako ya boksi la mbao bado inanguruma kule kwenye bendi. Waya mzuri pia. Watu hununua gita la kujivunia halafu wanaunganisha na waya wa kuokota, kisha wanalaumu umeme.

Nyuzi bado nazichemsha. Unakumbuka ulivyozichemsha kwenye sufuria ya chai ya Mama Simiyu, wageni wa kanisa wakanywa chai yenye ladha ya misumari? Mimi nina sufuria yangu ya nyuzi. Nazichemsha, nazikausha, zinalia kama mpya.

Sasa shida ilikuwa hii. Hata kwa hayo yote, sauti yako haikutoka. Ile yako ilikuwa fupi na nene, kama mchi kwenye kinu. Yangu ilikuwa ndefu, inalialia, inaingilia waimbaji. Masika akavumilia miezi kadhaa, halafu akaniambia mbele ya wote, "Wanjala, besi ni nguzo ya nyumba, na yako inacheza cheza. Siku ya kumbukumbu ya mzee, ikitoka hivyo tena, kinanda kitapiga besi kwa mkono wa kushoto. Wewe utatusaidia kubeba vyombo." Mpigaji kinanda hata akatabasamu. Khocha, sikulala vizuri tangu hapo. Kubeba vyombo. Na kwako Kanduyi, mbele ya kaburi lako.

Nilijaribu kila kitu. Nilipiga kwa kidole gumba. Nilikata kucha hadi zikatoa damu. Na kila mara kabla ya kuanza nilifanya kama wewe: niligeukia ukuta, nikawapa watu mgongo, nikainamia gita. Ulinifundisha mwenyewe. "Nasalimia Mungu kwanza, ndiyo watu wafuate." Miaka kumi na moja naomba nikiangalia ukuta. Na nyumbani ukinifundisha, besi yako ililia kama za watu wote. Nikakuuliza mbona, ukasema, "Besi inataka watu, bana. Hapa tuko wawili tu." Nikaamini.

Basi mwezi wa saba, unajua baridi ya Kitale ya mwezi wa saba, niliamka Jumamosi kwenda Bungoma mazoezini, na jaketi langu lilikuwa limelowa kwenye kamba. Nikaangalia nyuma ya mlango. Hasira hasara, nikavaa koti. Nikaingiza mkono mfukoni kutafuta joto, nikashika kitu laini. Nikakitoa. Kipande cha sponji ya godoro, kirefu kama kidole, kina mifereji minne iliyochimbwa na nyuzi.

Nilikaa kitandani. Nililielewa lile bati ulilofunikia nyuzi kule mwisho wa gita, ati la kupumzishia mkono. Nilielewa ule mgongo wa kusalimia Mungu. Nikasukuma sponji chini ya nyuzi, pale nyuma zinapoanzia, nikapiga uzi mmoja, mlio ukatoka mfupi na mnene.

Ukaingia chumbani, Khocha. Sina neno lingine. Nilikutukana, nikacheka, nikalia, nikachelewa mazoezi.

Sikumwambia mtu. Siku ya kumbukumbu, padri akamaliza, watu wakala, Masika akafunga macho. Niligeuka, nikainamia gita, nikaweka sponji. Wimbo wa kwanza mpigaji kinanda alikuwa na mkono wa kushoto tayari juu. Wa pili akaushusha. Wa tatu akauweka mfukoni. Masika akafungua macho katikati ya wimbo, jambo ambalo sijawahi kuliona. Mama Simiyu akatoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama mlangoni, kisha mabega yake yakaanza kucheza.

Baadaye Simiyu alishusha besi yako ukutani akaniletea. "Ichukue bana, hii ilikuwa yako." Niliiinua hadi kwenye jicho. Shingo imepinda kama upinde, Khocha, na ulijua. Nikamwambia airudishe, inapendeza pale.

Mama Simiyu alinivuta kando. "Ile sponji umeipata wapi?" Akaniambia ulikata kwenye godoro lenu, upande wake, akalalia shimo hilo miaka ishirini, na kila akilalamika ulisema ni panya. "Nilijua," akasema. "Panya gani anakula kwa rula?" Simiyu amemnunulia godoro jipya, lakini mama amekataa kulilalia. Anasema akigeuka akaingia kwenye lile shimo anajua uko karibu. Kisha akagusa mfuko wa koti nililovaa. "Hiyo ikiisha usinunue. Kuja ukate ingine hapo hapo, pembeni ya ile."

Kesi yangu imeishia hapo. Nimeshindwa.

Lala vizuri, Khocha. Koti nalivaa sasa, hata jua likiwaka. Na nakuahidi hivi: mtu akiniuliza sauti hii inatoka wapi, nitamwambia ni mkono. Nitageukia ukuta kama ulivyonifundisha, niweke sponji. Na kwa vile nitakuwa nimeshainama, nitakuombea.

Mpwa wako,
Wanjala