Mitego ya Tonton Bosco

Jumanne, jioni

Makofi! Wamempigia makofi. Tonton Bosco, mdogo wake mama, leo amegawa mitego yake yote ya samaki, na familia nzima ikakaa pale kwenye maombi inashangilia kama harusini.

Mvuvi wa maporomoko ya mto hagawi mitego, ndiyo maisha yake. Hata nafasi yake kwenye ile miti iliyosimikwa majini ya kufungia mitego aliachiwa na baba yake. Leo vyote amempa jirani ambaye hawasemezani naye miaka mingi. Tangu mke wake afariki, hali chakula, halali, anasema yeye ni mzigo kwetu. Leo ghafla anatabasamu, na mama anasema, "Unaona? Maombi imemutuliza." Wajinga wakubwa, na Biblia zao mapajani.

Nikamuuliza mbele yao: "Tonton, unawaza kujiua?"

"Nyamaza! Utaita kifo mu nyumba!" mama akafoka.

Tonton akatazama mikono yake. "Ndiyo," akasema. "Nimechoka, mutoto yangu."

Hapo makofi yakaisha. Leo analala hapa kwetu, chumba kimoja na kaka yangu, hatumwachi peke yake hata dakika. Asubuhi nampeleka kituo cha afya, mama apende asipende. Mitego nimekwenda mimi mwenyewe kuidai kwa jirani, bila aibu.

Na mimi najiona mwerevu, siyo? Jumapili alinipa redio yake, ile ambayo hakuna mtu aliruhusiwa kuigusa. Nikasema merci, sikuuliza kwa nini, nikakimbia kununua betri.