Pensheni Haijui Bei ya Unga

Kariakoo, Dar es Salaam

Mama Hadija, mke wangu,

Pokea salamu zangu, na kwanza niambie kifua chako: kimepona, au bado unakohoa alfajiri? Mimi mwili mzima. Jingine ni la aibu, na kwa kuwa hunioni uso, leo nakwambia.

Kazi yangu ya utarishi serikalini imekwisha tangu Idi ilipopita. Nimestaafu. Nilikuficha kwa sababu najua umeshawatambia wenzako kijijini kwamba serikali itamlisha mumeo mpaka kaburini. Maneno hayo nilikupa mimi. Kumbe pensheni inakaa palepale, na bei haikai. Ile ya kwanza ilitosha kodi ya chumba, unga, sukari na mafuta ya taa. Ya mwezi huu imekata pumzi kwenye unga, na sukari yenyewe mpaka upange foleni. Mwakani itanunua nini? Naogopa, Mama Hadija.

Basi kila asubuhi nikawa navaa sare yangu ya kaki, namuaga mwenye nyumba, naenda kukaa bustani ya Mnazi Mmoja mpaka saa za kutoka kazini. Mwenye nyumba hunisifu mbele ya wapangaji kwamba sichelewi kazini hata siku moja. Nami naitikia, uso mkavu.

Juzi wakapita mgambo wanaosaka wasio na kazi ili wawarudishe vijijini. Mmoja akaniamkia kwa adabu.

"Shikamoo mzee. Unafanya kazi wapi?"

Ningesema nimestaafu, wangeniacha palepale. Aibu ikanizidi. Nikasema, "Tarishi wa serikali. Nimetumwa."

"Umetumwa na huna hata bahasha? Haya, twende ofisini kwako."

Nikawaongoza mwenyewe, mjinga mimi, nikidhani karani wa mapokezi, binti wa kwetu Masasi, atanisitiri. Kutuona tu akainuka kwa furaha: "Jamani, mzee wetu aliyestaafu! Kumbe hujatusahau!"

Yule mgambo hakucheka. Heri angecheka. Alinishika mkono akasema, "Pole mzee. Nenda nyumbani ukapumzike." Ofisi nzima ilikuwa inaitazama sare yangu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Msalimie mwanetu Hadija na mumewe, na jirani yetu mkunga. Mjomba wako mwenyekiti wa kijiji mweleze wewe, kabla hajasikia kwa watu.

Kuja nyumbani nataka. Ila sitaki kuja na pensheni inayoishiwa nguvu kila mwezi, nikae barazani kungoja uji wako. Shamba la muhogo umelilima peke yako miaka yote niliyokuwa nabeba mafaili ya watu. Ni lako, sina haki ya kuligawa. Nakuomba tu kipande, hata kile chenye magugu. Mikono yangu imelainika, utanicheka, nicheke. Serikali imenipumzisha. Wewe usinipumzishe, mke wangu. Niajiri.

Mimi mumeo, ninayeomba kazi kwako,
Baba Hadija