Chapa ya Karani

Burat, Isiolo

Dada Jawahir,

Asalaam aleikum. Usikasirike na mwandiko huu mbaya, nitakueleza. Mama hajambo, na yule mbuzi mweupe amezaa mapacha.

Jirani yetu Adan, mfanyabiashara wa ngamia, bado anafungulia spika zake tangu alfajiri mpaka kuta zetu zinatetemeka. Wiki jana nilimwandikia mzee wa mtaa kumlalamikia, bila kutia jina. Sikujua kwamba mzee angemkabidhi Adan barua yenyewe.

Jana Adan aliileta kwetu. Kumbe hajui kusoma.

"Karani, nisomee," akasema, maana mtaani mimi ndiye ninayewaandikia watu barua. Nikaisoma barua yangu mwenyewe.

"Mbona unaisoma mbiombio? Si wewe uliyelalamikiwa," akacheka. Kisha akaacha kucheka. "Huyu mtu nikimjua, atahama Burat na magodoro yake. Na nitamjua. Kusoma sijui, lakini ngamia wangu namtambua kwa chapa yake kati ya mia. Hii nayo ni chapa tu." Akapitisha kidole polepole juu ya maneno yangu.

Mama, asiyejua lolote, akamkaribisha chai.

Alipoondoka aliniachia karatasi nimwandikie majibu ya kumpelekea mzee. Atayachukua kesho baada ya swala ya adhuhuri, na ile barua yangu anayo mfukoni.

Kwa hiyo leo nimeshinda nikiandika kwa mkono wa kushoto. Hii ni karatasi ya nne. Herufi nyingi zimebadilika, dada, lakini ile J ya jina lako, kila nikiitazama, bado ni yangu.

Niombee dua.

Mdogo wako,
Fardowsa