Mwanangu Ananiita Ohio Nikawauzie Wamarekani Vigari vya Viti Viwili

Kigali, 9 Februari 2026. Ni miaka hamsini na mitatu na miezi tisa tangu nitoke Bururi, Burundi. Thelathini na mitano niliimalizia Kigoma, kumi na mmoja Ohio, Amerika, na hii ya mwisho, inayokaribia minane, ni ya hapa Kabuga, ukingoni mwa Kigali.

Mpendwa mshauri Bi Swafiya, naomba msaada, ingawa nakuonya mapema kwamba sijazoea kuomba, na jina langu ulichapishe lote, Jean-Berchmans Nduwayo, kwa kuwa wale wanaojiita "msomaji mwenye huzuni" huwa nawasoma nikicheka.

Mwanangu wa kwanza, Audace, anauza magari katika mji wa Columbus, huko Ohio, na tangu mwaka jana kichwa chake kimejaa jambo moja tu, kwamba vile vigari vya mjini vya Ulaya, vinavyoegeshwa mahali ambapo hata pikipiki ingesita, sasa vimepata wakati wake Amerika, watu wanavizungumza, maegesho yamejaa, vijana hawataki tena magari makubwa ya baba zao, naye anataka awe wa kwanza kuvipanga mbele ya duka, na ili Mmarekani aamini anataka kando ya kigari asimame mtu aliyekiendesha kwenye barabara zilezile, na mtu huyo ni mimi, kwa sababu tangu 2009 hadi 2018 niliendesha kigari cha viti viwili mjini humo, kwenye theluji na kwenye barabara kuu, peke yangu katika mtaa mzima.

"Baba, wewe ni tangazo lenye miguu," aliniambia kwenye simu. "Mzee wa miaka sabini na mbili, mkimbizi, miaka tisa na hakijakuangusha hata siku moja. Nani atabisha?"

"Mimi."

"Acha utani, Baba. Tiketi nimeshakata. Tarehe mbili Machi."

"Basi safari njema."

Sibishi kwa sababu kigari ni kibaya. Ninacho kingine kama kile hapa Kabuga, kimetoka Ubelgiji, kina urefu wa mita mbili na sentimita sabini, nimekipima mwenyewe kwa utepe wa fundi cherehani, na siku tatu kwa wiki kinanipeleka Kimihurura, kwenye ofisi ninayoifanyia tafsiri, na pale Sonatubes, ninaposimama kununua mkate, vijana wa moto, yaani bodaboda za hapa, wananijua. "Muzee, hii gari unapanda ama unavaa?" "Muzee, nusu ingine umeacha wapi?" Nawajibu kwamba nusu nyingine nimewaachia wao wazibe nayo midomo, wanacheka, nami naondoka kabla lori lililo mbele yangu halijamaliza kukata kona.

Nabisha kwa sababu Wamarekani nimewahesabu. Ohio nilikuwa nikipanga vitabu katika maktaba ya mtaa, na dirisha la chumba cha magazeti lilitazama njia panda, nami kwa mwaka mzima, kila Jumatano saa nne asubuhi, nilihesabu magari mia moja na kuandika kila moja limebeba watu wangapi, na kwa wastani magari themanini na matatu yalikuwa na dereva peke yake. Ukiwafuata kwa hesabu, viti viwili vinawatosha na kimoja kinabaki. Lakini jirani yangu Duane, mtu mwema, alikuwa na pikapu ya mita sita na alikwenda nayo kununua maziwa, nilipomuuliza ya nini yote ile alinipiga begani akasema, "Siku mambo yakiharibika, John, utakuja mwenyewe kunigongea mlango." Mtu huyo hajawahi kufukuzwa popote, wala baba yake, wala babu yake, na bado anaendesha gari la mtu aliye tayari kukimbia, na mimi niliyekimbia kweli naendesha gari la mtu anayekwenda kununua mkate. Hilo, Bi Swafiya, Audace hawezi kulibandika kwenye kioo cha duka.

Ingekuwa ni Audace tu nisingekuandikia. Ni mke wangu. Cécile alikwenda Columbus kuona wajukuu kwa miezi mitatu, na sasa ni kumi na minne. Kila gari tulilowahi kulitazama maishani, yeye huuliza swali moja tu: "Siku ikija, nani anabaki?" Alivuka kuingia Tanzania akiwa na miaka kumi na mmoja, nyuma ya pikapu, na shangazi yake alikosa nafasi. Kule Ohio alinunua gari la viti vinane wakati sisi tulikuwa sita, na mimi nikaenda kununua la viti viwili. Wiki iliyopita aliniambia, "Jean, nimechoka kupakatwa kama mkoba. Njoo huku, au nunua gari la watu, nami nirudi." Nilikataa yote mawili, na sikumwambia sababu.

Sababu naiandika hapa kwa mara ya kwanza. Mei 1972, mauaji yalipoenea Burundi, nilikuwa na miaka kumi na tisa, nami ndiye pekee nyumbani niliyejua kuendesha, mjomba akanipa pikapu yake, tukashuka mchana kuelekea Mabanda ili tuvuke kuingia Tanzania, tulikuwa watu kumi na tisa, wengine wamekalia wenzao, na barabara nzima ilikuwa na watu wanaopunga mikono, na mahali kwenye kilima, ambapo gari lilikwenda polepole, mwanamke mwenye kitambaa cha njano kichwani alishika ubavu wa gari akawa anakimbia nasi, hakupiga kelele, nilimwona kwenye kioo, nikabadilisha gia, nikakanyaga mafuta, na nilipotazama tena kioo kilikuwa na barabara tu. Simjui jina. Sijui kama aliishi. Katika gari la Cécile, kila nilipotazama kioo niliona viti vitupu, na sikuweza kuendesha dakika kumi bila kuwajaza watu wa kilima kile, na ndiyo maana nilinunua gari lisilo na nyuma. Ndani yake hakuna wa kumwacha. Kiti cha pili ni cha Cécile, nimekiwekea mto wake, hakuna mwingine anayekikalia, hata asubuhi ninapopita foleni ya basi hapa Kabuga, ambayo siku nyingine hufika watu mia.

Sitaki kusimama Ohio nikitabasamu kando ya gari na kuwaambia watu kwamba dogo linatosha, wakati najua mimi mwenyewe nililinunua kwa nini. Lakini mke wangu yuko huko. Niambie, je, huu ni msimamo, au ni woga uliovaa suti? Usinionee huruma.

Jean-Berchmans Nduwayo, Kabuga

JIBU LA BI SWAFIYA

Mzee Nduwayo, shikamoo. Umeishi Kigoma, najua utaipokea.

Nianze na la Wamarekani kwa sababu ni jepesi. Vigari hivyo vitauzika, lakini si kwa akina Duane. Atanunua muuguzi anayeishi peke yake katikati ya mji na kuzunguka dakika ishirini akitafuta pa kuegesha. Atanunua mwanafunzi, na mjane ambaye watoto wameshahama. Wenye familia hawatanunua, kwa kuwa huko, kama hapa, mwenye familia hununua gari la siku moja mbaya na kuliendesha siku zote nzuri. Mwambie Audace amsimamishe muuguzi huyo kando ya kigari, akupumzishe wewe. Biashara ni yake, na ana umri wa kufaulu au kukosea bila kumkodi baba yake.

Sasa tuje kwako, na hukutaka huruma, kwa hiyo kaa vizuri.

Umeishi na mwanamke huyu miaka arobaini na kitu. Kila mlipotazama gari alikuuliza nani anabaki. Alikuwa anakuonyesha kidonda chake, mchana kweupe, mbele ya wauza magari, na wewe mwenye kidonda hichohicho ukafunga mlango wa kigari na kumwacha aamini kwamba ameolewa na mtu anayependa vitu vidogo. Umeniandikia mimi, mwanamke usiyemjua, pamoja na kila anayefungia maandazi gazeti hili, jambo ambalo mkeo hajalisikia. Huo, mzee wangu, ni woga. Suti umeuvalisha vizuri, lakini ni woga.

Kwa lile la kilimani sikuhukumu. Sikuwepo. Ulikuwa kijana wa miaka kumi na tisa na roho kumi na nane mikononi, nazo ukazivusha. Mwanamke yule una haki ya kumkumbuka mpaka ufe, na sitakwambia uache.

Ila kuna jambo umelipitisha mwishoni kama mtu anayepitisha mzigo mpakani. Unapita foleni ya Kabuga asubuhi na kiti kitupu chenye mto. Watu mia wamesimama, umevaa shati lililopigwa pasi, unawapita. Umenunua gari lisilo na nyuma ili usimwache mtu, na sasa unawaacha mia, siku tatu kwa wiki, kwa miezi kumi na minne! Hujaliona hilo? Mtu aliyehesabu magari ya Ohio mwaka mzima?

Kwa hiyo fanya hivi. Mpigie Cécile kabla gazeti hili halijamfikia. Piga simu, usitume ujumbe, na sema mwenyewe, kwa mdomo wako, kitambaa cha njano na gia na yote. Usimwombe arudi katika simu hiyo. Sema, halafu nyamaza, naye aseme analotaka.

Pili, mto uuweke kabatini, na asubuhi inayofuata simama kwenye foleni. Beba mtu mmoja. Hutaweza kubeba wawili, na hakuna atakayekulaumu. Wengine watabaki na utawaona kwenye kioo. Watazame.

Na la kurudi Ohio, kama hutaki, mjibu mwanao kwa sentensi moja isiyo na gari ndani yake. Mtu mzima hajifichi nyuma ya gari, hasa la mita mbili na sentimita sabini.

Bi Swafiya

KUTOKA KWA MZEE NDUWAYO

Kabuga, 2 Machi 2026. Ndege aliyonikatia tiketi Audace inaondoka leo jioni.

Bi Swafiya, umenitukana sawasawa. Nilimpigia Cécile Jumapili alasiri, kwake ilikuwa asubuhi. Nilisema yote. Akauliza, "Mlikuwa wangapi?"

"Kumi na tisa."

"Sisi tulikuwa ishirini na wawili," akasema. Halafu, "Dereva wetu naye hakutazama nyuma. Nimemchukia maisha yangu yote, Jean. Na kumbe nimekuwa nikimpikia." Alilia, kisha akaniuliza kama nakula vizuri. Hajasema atarudi, nami sikumwomba, kama ulivyoagiza. Lakini jana alipiga yeye.

Kwenye foleni, wa kwanza alikuwa mama mmoja anayeitwa Mukunde, na beseni lake la parachichi.

"Muzee, miguu naweka wapi?"

"Hapo hapo mbele. Iko nafasi kuliko unavyodhani."

"Na beseni?"

"Lipakate."

Akalipakata mpaka Sonatubes, ambako wale vijana wa moto walipiga makofi. "Leo gari imezaa!" Sasa foleni imejipangia zamu. Kuna bwana anayeitwa Kagabo anayeandika majina kwenye kipande cha boksi, na amenikataza kuchagua mwenyewe, kwa sababu anasema napendelea wenye vitabu.

Siku ile ya kwanza nilitazama kioo kama ulivyosema. Waliobaki walikuwa wengi, na mmoja alipunga mkono. Nikaendesha mpaka Kimihurura. Siku iliyofuata nilikuja tena, na aliyepunga mkono alikuwa palepale, mzima, anakula mandazi, akaniambia, "Muzee, leo ni mimi."

Cécile, kiti bado ni chako. Ukija, Kagabo atakuandika juu kabisa ya orodha, nimeshazungumza naye. Na siku ya kukupokea nitakodi basi dogo la viti kumi na vinne, na viti vitakavyobaki tutavijaza njiani, wewe na mimi.

Audace, najua unasoma gazeti hili kwenye simu yako. Uza vigari vyako, nakutakia heri kwa moyo wote. Mimi sirudi.