Mkono wa Kushoto Ukutani

Kikuyu, Dodoma
Jumapili, baada ya ibada

Mama,

Shikamoo. Goti linakuruhusu kufika shambani? Huko Kyela najua mvua hazijawapumzisha. Hapa ni upepo na vumbi. Mimi ni mzima, bado nafanya usafi maktaba.

Naomba usikate tiketi ya basi. Kwa simu nimeshindwa kukwambia, ndiyo maana naandika.

Ule mchoro wako ukipepeta mpunga, aliouchora marehemu kaka Ambokile ukutani mwa maktaba, nilikueleza kwamba Sabina, mwanafunzi wa chuo, aliutengenezea programu. Ukiuelekezea simu ya maktaba, kwenye kioo ungo unarushwa, makapi yanapeperuka, na kaka anasikika akizungumza, sauti iliyorekodiwa kabla hajaugua. Hiyo ndiyo uliyotaka kuja kuisikia.

Jumanne nilinunua rangi dukani huko Kizota. Kaka hakuumaliza mkono wako wa kushoto, nami sikutaka ufike ujikute na mkono mmoja. Nikaumaliza. Kisha nikapaka vanishi mchoro wote, vumbi lisishike. Kesho yake mkutubi akaelekeza simu. Kimya. Akafuta kioo kwa kanga, akarudia.

"Lusekelo, umemfanya nini mama yako? Hasogei."

Sabina alikuja Ijumaa. "Kaka, simu inaujua mchoro wa mwanzo. Huu unaong'aa ni mgeni kwake."

"Na sauti?"

"Imo humu, ila njia ninayoijua ya kuitoa ni mchoro ule. Picha zangu za mchoro na rekodi yenyewe ziliibwa pamoja na kompyuta. Wewe huna picha hata moja tuielekezee simu?"

Sina. Nilikuwa nauona kila siku, sikuwaza kuupiga picha. Tukajaribu kutoa vanishi kwa tineri. Rangi ya kaka ikaanza kutoka nayo, tukaacha.

Nisalimie baba mdogo na shangazi. Shemeji, mjane wa kaka, usimsomee barua hii, nitamweleza mwenyewe.

Siku ya kwanza niliyoisikia ile sauti niliandika kila neno kwenye shajara yangu. Nakunakilia: "Huyu ni mama yangu. Mkono wa kushoto nimeuacha hivyo kwa sababu hautulii. Ukitaka kuuchora, umeshakwenda kumfuta mtu kamasi."

Niliyaandika mwenyewe, Mama, na bado nikashika brashi.

Chini yake nimeandika: anacheka. Zaidi ya hapo sina.

Mwanao,
Lusekelo