Nimezijaza Mwenyewe Nyumba Kumi na Moja

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kwani huku nilipo sina wa kumwambia. Mimi ni karani, mtu wa Lamu, na tangu mwezi wa Rajabu niko Faza kwa kazi ya Mzungu mmoja anayekusanya habari za watu wa kisiwa hiki cha Pate, amenipa karatasi zenye maswali kumi na saba niulize kila nyumba, na serikali imesema mtaa utakaoonekana una watu wengi ndio utakaojengewa birika la maji ya mvua. Basi nikapiga hodi mlango kwa mlango, karatasi mkononi, na swali la kwanza ni nyumba hii ina watu wangapi, la pili ni watoto wangapi wamekufa, na watu wakanitazama kama niliyekuja kuwatia kijicho, wengine wakasema tuko wengi alhamdulillahi wakafunga mlango, na nyumba kumi na moja za mtaa wa nyuma ya msikiti hazikujibu hata swali moja.

Yule Mzungu, Bwana wangu, akaleta habari kuwa baada ya Idi anakuja kuzichukua karatasi, nami nikaona haya kumpa tupu, nikaketi chumbani nikazijaza zote kumi na moja kwa kichwa changu, wawili, watatu, wawili, na sasa naona kwa hesabu yangu mtaa ule umekuwa mdogo kuliko yote, na kisima chao ndicho chenye chumvi.

Jambo lingine ni hili. Katika nyumba hizo mama mmoja, Bi Hadia, aliniambia nyuma ya mlango, "Wana hawahisabiwi, mwanangu. Na weye, kwako mu wangapi?" Mke wangu Swafiya na mtoto aliyekuwa akimzaa tuliwazika siku moja, mwaka juzi, nami nikamwambia nina haraka. Karatasi yake niliandika wawili, na huenda nilikuwa najihesabu mimi na Swafiya. Watu wa hapa si wabaya, kila magharibi nakuta futari mlangoni imefunikwa kawa, lakini aliyeileta keshakwenda, nami nala peke yangu. Je, nimwambie Bwana nifukuzwe, au ninyamaze?

Ridhwani, Faza

Bwana Ridhwani,

Pole kwa msiba, na Mungu awarehemu. Sasa nikukaripie. Umesema uongo mara kumi na moja, na katika Ramadhani! Tena uongo wa kuwanyima watu maji. Njia ya mwongo ni fupi: siku birika litakapojengwa kwingine, mtaa mzima utauliza nani aliyewaandika wawili wawili.

Lakini makosa si yako peke yako. Aliyeyapanga maswali hayo hakuwahi kuuliza mtu wa Pate hata ni saa ngapi. Nimekaa miaka tisa nikiandika kwa kadhi, na hakuna aliyenieleza jambo la ndani kabla sijamuuliza habari za mamake. Wewe umezaliwa Lamu, unajua hayo, ukayaacha kwa kuwa umeshika karatasi.

Futa majibu yako yote kumi na moja. Karatasi iache chumbani. Rudi uanze na kisima, maana mwenye maji ya chumvi hachoki kuyalalamikia. Idadi ya watu usiiulize. Uliza jana walifuturu sinia ngapi, na kila sinia walikaa nani na nani. Watu hawahesabiwi, sinia huhesabiwa. Habari za watoto waliokufa ziwe za mwisho, na kwa wanawake aulize mwanamke mtu mzima, si wewe. Atakayekataa, andika amekataa. Hilo nalo ni jibu, na ni la kweli. Kisha mwambie Bwana ulichofanya kabla hajakisikia kwa mwingine. Akikufukuza, utarudi Lamu na uso wako.

Ila kabla ya yote hayo nenda kwa Bi Hadia. Yeye alikuuliza swali moja tu, wewe ukakimbia, nawe unashangaa watu kukufungia milango. Kaa pale barazani kwake alasiri, umjibu. Mwambie, "Tulikuwa wawili, tukamngoja wa tatu, sasa niko mmoja." Usiongeze neno.

Siku hiyo futari haitaachwa mlangoni kwako. Utaitwa ndani.