Mama Hahami, na Maji ya Moto Yamerudi

Nyumbani kwetu,
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa kaka mkubwa,

Shikamoo. Wewe hujambo? Wifi na watoto hawajambo? Sisi huku wazima, ila mimi nina hasira. Nakuambia mapema ili usome ukiwa umekaa.

Uliponipigia simu ulisema mwisho wa mwezi Mama anahamia kwako, kwa sababu hita ya maji imekufa na nyumba imechoka. Ukasema hivyo, ukakata. Hukungoja hata nimeze mate.

Ni kweli Mama anahitaji maji ya moto. Asipoyaoga asubuhi, vidole vyake havikunjuki. Lakini unajua alifanya nini aliposikia anahamishwa? Alikataa hata maji ninayomchemshia jikoni, akaanza kuoga ya baridi, eti yanamchangamsha. Wiki nzima, kaka. Siku moja nilimkuta anahangaika na vifungo vya gauni, akanigeuzia mgongo nisione. Hapo ndipo nilipoapa kwamba maji ya moto yatarudi humu ndani au mniite jina jingine.

Ile kampuni uliyonitumia namba yake ilileta mafundi wawili wenye sare zilizopigwa pasi. Mmoja alimulika kwa simu, hakufungua hata skrubu moja, akasema kila kitu kibadilishwe na ukuta wa bafu uvunjwe. Nikawaonyesha mlango. Fundi aliyefuata alikuwa mtu wa kesho, na kesho zake zilifika tano nikaacha kuhesabu.

Mwishowe nikamuuliza msusi wa mtaani, maana yeye kutwa anaosha watu nywele kwa maji ya moto. Akanielekeza kwa mama mmoja wanayemwita Bibi Spana, aliyetunza matangi ya maji moto ya hospitali miaka ishirini. Alikuja na mkoba wake, akanipita mimi, akaenda kuketi karibu na Mama. Akamuuliza maji yalikata ghafla au yalipoa kidogo kidogo, na kama tangi lilikuwa likinguruma. Mama akajibu yote, mpaka siku yenyewe. Hakuna aliyekuwa amemuuliza, hata mimi.

Kisha akafungua. Ile valvu ya usalama, inayotoa maji presha ikizidi, ilikuwa imezibwa kwa kijiti kilichoviringishiwa mpira wa baiskeli. Bibi Spana akataka kujua nani alikusudia kutulipua. Mimi mpira wa baiskeli yako naujua. Ni wewe, kabla hujasafiri, uliposema matone yanakunyima usingizi. Tangi likabanwa miaka yote hiyo mpaka likapasuka kwenye kiungo, maji yakaingia kwenye nyaya, koili inayochemsha maji ikaungua. Nyumba haikuchoka, kaka. Uliichosha wewe.

Tangi lenyewe halikufaa tena, hilo nakubali. Bibi Spana amefunga jipya, dogo, kwa mabomba yale yale, na ukuta haujaguswa. Valvu inadondosha tone moja moja, na iachwe idondoshe.

Jana asubuhi Mama alijifungia bafuni mpaka mvuke ukatokea chini ya mlango. Akatoka amefunga vifungo vyote mwenyewe. Nililia, sikufichi.

Sasa nisikilize. Usimpangie safari mtu ambaye hujamuuliza. Hata hita hii ikifa kesho, wa kusema anakaa wapi ni yeye. Ukitaka kubishana, bishana naye, mimi nimemaliza.

Msalimie wifi, na watoto waambie shangazi yao bado mkali. Mama mdogo anakusalimu. Mjomba pia, ingawa kila akikumbuka kijiti chako anacheka mpaka anakohoa. Mungu akutunze huko uliko, akuongezee na masikio.

Wako akupendaye hata leo,
Mdogo wako, kitindamimba.

Mama ameniomba kalamu. Haya ni maandishi yake:

Mwanangu, sihami. Ukinikumbuka, njoo.